Vitufe vya Glavu: Kumuaga Bwana Piip wa Bohari ya Dawa

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika bohari yetu ya dawa, Fundi Mkuu wa Programu za Simu, ambaye kila mtu kuanzia getini hadi chumba cha baridi anamwita Bwana Piip, anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Kamati ya jarida la bohari imenipa mimi, mama msimamizi wa dirisha la kupokea mizigo, heshima ya kuandika wasifu wake. Imenipa heshima hiyo pamoja na sharti: niandike bila ukali. Nitajitahidi. Wanaonifahamu wasome taratibu, na wasionifahamu wamuulize dereva yeyote wa lori.

Bwana Piip hakuanza na simu. Aliingia hapa akiwa kijana mwembamba mwenye mkoba wa bisibisi, ameajiriwa kutengeneza mashine za kuandikia, zile za chuma zilizokuwa zikilia tak tak tak jengo zima. Alizijua moja moja kwa sauti. Akiwa koridoni alisikia herufi imekwama ofisi ya tatu, akaingia bila kuitwa, akainama, akatoa kipande cha karatasi au mguu wa mende, akaondoka. Makarani walimpenda sana, na yeye alijua kwamba wanampenda, na hakuificha furaha yake.

Kompyuta zilipoingia, mashine za kuandikia zilipelekwa stoo ya nyuma, na yeye nusura apelekwe pamoja nazo. Utawala ulianza kumwandalia safari ya nyumbani. Yeye akaomba apewe kibodi moja mbovu ya kompyuta. Akaifungua, akaisafisha, ikafanya kazi. Akaomba ya pili. Hadi utawala unakumbuka kwamba kuna mtu alitakiwa kuondoka, nusu ya ofisi ilikuwa inaandika kwa kibodi alizozifufua, na aliyethubutu kutaja habari za kumwachisha kazi alitazamwa vibaya na makarani wote. Kutoka hapo akajifunza kompyuta yenyewe, kisha akajifunza kutunga programu za simu, katika umri ambao wengine wetu tulikuwa tunajifunza kuvaa miwani.

Jina alipewa na mlinzi wa getini. Skana ya kwanza ya kusoma mistari ya maboksi ilipoletwa bohari, Bwana Piip alizunguka nayo wiki nzima akiielekeza kwenye kila kitu chenye mistari: pakiti za maziwa, sabuni, betri za tochi, chupa ya wino. Kila ikilia piip, anafurahi kama mtu aliyepigiwa simu na mkwe. Siku moja aliielekeza kwenye sare ya mlinzi yenye mistari, haikulia, naye akasikitika waziwazi. Mlinzi akaona isiwe tabu, akalia mwenyewe kwa mdomo: piip! Tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye faili tu.

Sitaki kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa hiyo niseme na kasoro zake. Shati lake hupigwa pasi hadi kola inaweza kukata mkate, lakini vioo vya simu huvifutia pindo la shati hilohilo. Hucheka mzaha wake kabla hajaumaliza, nasi hubaki tunasubiri tujue tunachekea nini. Na biskuti! Mama watoto wake humfungia biskuti zake kila asubuhi, nzuri kabisa, nazo hurudi nyumbani zilivyo, kwa sababu yeye hula za wenzake. Mama huyo aliwahi kuja hapa kutuomba radhi kwa niaba ya familia, nasi tukamsamehe kwa niaba yake. Biskuti ziliendelea kupotea.

Kwa wasiofanya kazi ya mizigo, naomba nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini watu wazima tunafuta macho kwa ajili ya fundi wa simu. Kila boksi la dawa lina ile mistari myeusi iliyosimama pamoja, msimbo pau. Ukiielekezea skana, mwanga mwekundu unapita, piip, na namba ya dawa inaingia kwenye simu ya kazi. Watu wengi hudhani hapo pamefanyika muujiza. Wapi! Skana inaandika tu. Inajifanya kibodi. Inabonyeza tarakimu moja baada ya nyingine kwa kasi ambayo kidole cha binadamu hakiwezi, halafu inabonyeza kitufe cha kukubali, basi. Simu yenyewe haijui kama aliyeandika ni mashine au ni mimi. Na skana huandika popote inapokuta kisanduku kimefunguliwa, pawe ndipo au sipo.

Hapo ndipo yalipotokea mambo ya bandeji. Mwenzetu mmoja, ambaye hata mkinifunga kamba simtaji, alifungua kisanduku cha idadi aandike maboksi arobaini, mara akakumbuka kwamba hajaskani boksi lenyewe. Akaskani. Namba yote ya msimbo pau ikamwagika ndani ya kisanduku cha idadi, na bohari yetu ikawa imepokea bandeji trilioni sita na ushee. Kompyuta ya ofisini ikatoa onyo kwamba nafasi kwenye rafu haitoshi. Meneja wa wakati ule, mtu wa watu lakini mwoga wa tarakimu, alishika kichwa akauliza kama lori bado liko getini.

Bwana Piip alicheka hadi akakaa chini sakafuni na suruali yake ya pasi. Alipoinuka, aliipa programu masikio. Namba zikija kwa kasi ya mashine, programu ijue huo ni msimbo pau, iupeleke kwenye kisanduku chake hata kama kilichofunguliwa ni kingine. Zikija kwa mwendo wa vidole, ijue hiyo ni idadi. Zikiwa haziko huku wala kule, isikubali, itoe mlio wa kukataa. Mlio huo aliuchagua mwenyewe baada ya kutusumbua kwa mifano mingi, na unafanana na mbuzi aliyekanyagwa mguu. Mgeni akiusikia kwa mara ya kwanza hutazama chini ya meza.

Baada ya bandeji, Bwana Piip aliweka utaratibu ambao naamini hauko bohari nyingine yoyote. Aliuita Jaribio la Watu Watatu. Alisema programu ikifanya kazi mezani kwake, kwenye kiti, na chai pembeni, hiyo bado si programu, ni maombi. Kila toleo jipya lilipaswa kujaribiwa kwanza na mtu aliyevaa glavu, kisha na mtu anayetumia mkono wa kushoto, kisha na mtu mwenye hasira. Mmoja wao akishindwa, toleo linarudi mezani na yeye anakesha nalo.

Mtu wa mkono wa kushoto ni mfamasia wetu, dada mpole mwenye maandishi yanayoelemea upande, ambaye kidole gumba chake kilikuwa kinafuta kazi ya asubuhi nzima kila akishika simu, mpaka kitufe cha kufuta kikahamishwa. Mtu wa glavu nitamweleza hivi punde. Mtu mwenye hasira ni mimi. Sikuomba nafasi hiyo. Siku aliyoniteua nilimfuata hadi mezani kwake kumuuliza kama ananidharau, nikagonga meza, kikombe chake kikaruka, naye akawageukia wenzake kwa furaha akasema, "Mnaona? Ndiye." Alinieleza baadaye kwamba mtu mtulivu huisamehe programu, hungoja, hurudia, hunyamaza. Mwenye hasira habonyezi vitufe, anavipigilia, na hapo ndipo ubovu hujitokeza. Wahenga walisema hasira hasara. Hapa kwetu hasira ilikuwa cheo, na nilikitumikia kwa moyo wote.

Na kwa kuwa nimetaja hasira, nitaje na kiti changu. Kiti cha dirishani nilikirekebisha mwenyewe, kimo chake kinalingana na kaunta, mto wake umetulia mahali pake, na kile kishikio cha pembeni cha kupandisha na kushusha hakiguswi. Hakiguswi na mgeni, hakiguswi na meneja. Dereva mmoja aliwahi kukigusa, na kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa anamtuma utingo wake aje dirishani badala yake. Bwana Piip kila akipita karibu na kiti hicho alikuwa anakiinamia kidogo na kukisalimia shikamoo. Nilikuwa najifanya sioni.

Sasa mtu wa glavu. Tunamwita Shemeji, ingawa si shemeji wa mtu. Alikuja hapa zamani akimfuata dada wa mlinzi wa getini kwa habari za uchumba. Dada hakumpata, kazi akaipata, na jina likabaki. Ndiye mtunzaji wa chumba cha baridi, zinakokaa chanjo na dawa zote zisizotaka joto. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyasema huku moshi wa baridi ukimtoka mdomoni.

Miaka ya mwanzo, Shemeji alikuwa akivua glavu ili aandike idadi kwenye simu, maana vitufe vya kioo vilikuwa vidogo, na kidole chenye glavu kiligonga vitatu kwa mpigo. Anavua, anaandika, anavaa, anavua. Hakulalamika, na sisi hatukuuliza. Ncha za vidole viwili vya mkono wake wa kulia zikafa ganzi, zikabadilika rangi, na daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba akiendelea kuvua glavu mle ndani, vidole hivyo havitakaa naye. Nakumbuka asubuhi aliyotueleza. Alituonyesha mkono kama mtu anayeonyesha kitu cha mwenzake. Bwana Piip aliutazama mkono ule, akarudi mezani kwake bila mzaha.

Alichokifanya ndicho kitu ninachoona kikubwa kuliko vyote katika utumishi wake. Alitengeneza kibodi yake mwenyewe, kibodi ya tarakimu tupu, isiyo na herufi wala vikorombwezo, kila kitufe upana wa mfuniko wa chupa, na nafasi katikati ili glavu isikanyage jirani. Akatafuta simu za kazi ambazo vioo vyake husikia hata kidole kilichovaa. Kisha akahamia chumba cha baridi. Hakutuma mtu, aliingia mwenyewe, na glavu, na koti la Shemeji la akiba lililomfika magotini, akiandika na kuskani mpaka meno yanagongana, akitoka nje kuota jua, akirudi. Mama watoto wake alimpikia supu mwezi ule mzima. Kibodi ilipokamilika, Shemeji aliandika maboksi ishirini na nne bila kuvua kitu, akatazama kioo, akatutazama sisi tuliokuwa tumejazana mlangoni, akasema, "Funga mlango, baridi inatoka." Kwa Shemeji, hiyo ni hotuba.

Basi tukakaa kwa raha miaka mingi, kila mtu na kazi yake, mimi na hasira zangu.

Mwaka huu simu zile zikachoka. Zikaletwa mpya, nzuri, nyepesi, na skana zake ndogo za kushika mkononi zinazoungana na simu bila waya. Tukashangilia mapema. Siku ya kwanza Shemeji akaskani boksi, piip, sawa. Akataka kuandika idadi. Kibodi hakuna. Akatafuta juu, akatafuta chini, hakuna. Ikabidi Bwana Piip aitwe, naye akakaa na simu ile hadi akagundua kisa: simu hizi mpya zikiungana na skana, zinaamini zimeungana na kibodi halisi, maana skana hujifanya kibodi kama nilivyoeleza. Kwa hiyo zinaificha ile ya kwenye kioo, kwa nia njema kabisa, ili isikusumbue. Ilikuwa ni kama mwenye nyumba amwone mgeni mlangoni, amfungie nje mtoto wake mwenyewe.

Meneja wetu wa sasa ni mama asiyepindisha maneno. Alimwita Bwana Piip, akaniita na mimi niwe shahidi, akasema wazi. Fundi anastaafu, na hakuna wa kuja kurekebisha mambo baada yake. Programu yetu ikifanya kazi kwenye simu mpya kabla hajaondoka, na ikapita Jaribio la Watu Watatu kama matoleo yote yaliyotangulia, itabaki. Isipopita, bohari itanunua programu iliyotengenezwa tayari, inayotumika mahali pengi, yenye kibodi ya kawaida ya simu. Hakuwa na ubaya, na hakukuwa na wa kumlaumu. Lakini sote watatu tulijua maana yake kwa chumba cha baridi. Vitufe vidogo maana yake kuvua glavu, na Shemeji haruhusiwi kuvua glavu. Kazi ya kupakia malori mgongo wake hauiwezi. Angebaki kwenda nyumbani, na mtoto wake wa mwisho bado yuko shuleni.

Kuanzia hapo Bwana Piip alifanya kazi kama kijana aliyeajiriwa jana. Biskuti zetu zilikaa salama, na hilo lilitutia wasiwasi. Aliacha kuitegemea kibodi ya simu kabisa. Vitufe vyake vya glavu akavichora ndani ya ukurasa wa programu yenyewe, ili simu ifiche inachotaka kuficha na vitufe vibaki palepale. Shemeji akajaribu, vikakaa. Mfamasia akajaribu kwa mkono wa kushoto, vikakaa. Nikaletewa mimi, nikiwa nimetoka kugombana na dereva aliyeshusha katoni kichwa chini. Nikapigilia. Mbuzi akalia.

Nikapigilia tena, mbuzi akalia tena. Bwana Piip akajua mara moja. Programu ya zamani ilikuwa na mlango mmoja tu wa kupokea tarakimu, na vitufe vyake vipya na skana vyote vilikuwa vinapita hapo. Kuuvunja mlango huo kungechukua mwaka, na mwaka hakuwa nao. Kwa hiyo programu ilikuwa inatutofautisha kwa kasi tu, na mimi nikiwa na hasira, vidole vyangu, kwenye vioo hivi vipya visivyochelewa kama vya zamani, vilikuwa na kasi ya kutosha kushukiwa kuwa mashine. Nilichanganywa na skana, jamani, na umri huu. Alilicheka jambo hilo siku mbili, kisha akarudi mezani kupima upya: kasi ya mashine ianzie wapi, na kasi ya mama mwenye hasira iishie wapi. Akipima juu sana, mlango wa bandeji trilioni sita unafunguka tena. Akipima chini sana, mimi ni skana.

Toleo la mwisho lilikamilika siku yake ya mwisho ya kuingia kazini, wiki iliyopita, kabla ya likizo ya kumalizia. Meneja alishuka mwenyewe kushuhudia. Shemeji alivaa glavu, akaskani, akaandika, piip, safi. Mfamasia akashika kwa mkono wake, safi. Ikabaki hasira.

Nami, ndugu wasomaji, sikuwa nayo. Niliamka asubuhi ile nikiwa mlaini kama ndizi iliyoiva, maana nilijua kwamba kesho yake mtu huyu hatapita tena dirishani kwangu. Nikaandika idadi, taratibu, tarakimu moja moja, machozi yako karibu. Programu ikakubali kila kitu. Bwana Piip akatikisa kichwa, akamwambia meneja kwamba hilo si jaribio, huyu si yeye. Wenzangu wakaanza kunisaidia. Dereva mmoja aliegesha lori upande hadi akaziba njia, makusudi. Nikamwambia pole baba, endelea tu. Kijana wa rafu aliangusha katoni mbele yangu. Nikamuuliza kama hajaumia. Nikajaribu kujilazimisha, nikapiga kaunta, nikapayuka. Bwana Piip akatazama vipimo vyake, akasema hiyo ni hasira ya maigizo, inachelewa. Meneja akatazama saa. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha baridi, glavu mkononi bado, ananitazama mimi. Sijawahi kuona uzito wa mtu anayenitazama kama nilivyouona siku ile. Nilitaka kukasirika kuliko nilivyowahi kutaka kutulia, na sikuweza.

Bwana Piip akasema anakwenda kunywa maji. Mimi nikaitwa getini kukagua lori la mwisho, nikaenda, nikahesabu, nikarudi na boksi la kwanza mkononi. Nikakaa kwenye kiti changu.

Nikazama.

Magoti yalinifika kidevuni. Kaunta ikawa juu ya pua yangu. Kiti kilikuwa kimeshushwa hadi mwisho, na mto haupo! Sikumbuki nilisema nini, na kamati ya jarida imeniomba nisikumbuke. Ninachokumbuka ni kwamba niliuliza ni nani, ni nani mwenye roho ngumu kiasi hicho, nikiwa nimeshika simu kwa sababu boksi lilikuwa linasubiri, na kazi ni kazi hata dunia ikipinduka. Nikaskani, piip. Nikapigilia idadi. Boksi la pili, piip, nikapigilia. La tatu, la nne, la tano, nikipigilia na kufoka, nikifoka na kupigilia, na katika kelele zote zile kulikuwa na sauti moja tu iliyokosekana. Mbuzi hakulia hata mara moja.

Nikatazama kioo. Idadi zote zilikuwa mahali pake, misimbo yote mahali pake. Kwenye rafu ya bandeji akatokea mzee mwenye shati la pasi, mto wangu umebanwa kwapani, anacheka kabla hajasema kitu, kama kawaida yake. Meneja akasema, "Imepita," akageuka haraka kupanda ngazi, lakini nilimwona anafuta miwani. Shemeji aliingia chumba chake cha baridi, akafunga mlango. Baada ya muda akatoka, akaenda hadi kwa Bwana Piip, akasema, "Asante, kaka." Kisha akarudi ndani. Maneno mawili mfululizo, na mlango ukawa wazi muda wote ule bila yeye kujali baridi.

Bwana Piip, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa kibodi mbovu ulizozifufua, kwa bandeji trilioni sita ulizozirudisha zilikotoka, na kwa mwezi uliotetemeka mle ndani ili mwenzako asitetemeke. Mama watoto wake, tunakurudishia mume wako akiwa mzima. Ficha biskuti za jirani. Bwana Piip, mfamasia anakutakia mkono wa kushoto usiochoka. Shemeji hakutoa salamu za kuandikwa, lakini vidole vyake vyote kumi viko kazini leo, na hizo ndizo salamu zake. Nenda ukapumzike kaka yetu, ulale hadi jua likuamshe, ucheke mizaha yako na wajukuu watakaokusubiri uimalize. Heri na afya ziandamane nawe kila uendako, na siku ukitukumbuka, dirisha langu liko wazi.

Mto umerudi mahali pake. Kiti, Bwana Piip, ulikiacha chini kabisa, na hapohapo ndipo ninapokikalia hadi leo, magoti juu, kaunta puani. Madereva wananicheka. Sijakipandisha, na ole wake atakayegusa kile kishikio.